Kimya cha Njiti Moja: Maisha ya Norbert Stachowiak (1951–2024)

Norbert Clemens Stachowiak alizaliwa hapa Milwaukee, upande wa kusini wa mji, tarehe 6 Juni 1951. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watatu wa marehemu Clemens Stachowiak, fundi wa kiwanda cha ngozi, na marehemu Eleanor. Kaka yetu mkubwa, Raymond, ametutangulia. Kitindamimba ni mimi, Geraldine, ninayewasomea haya, na nikisoma mbiombio msishangae. Sisi akina Stachowiak wasiwasi tumeunyonya kwa mama.

Mama alikuwa akisimulia kwamba watoto wengine hulizwa na kelele, lakini Norbert alilizwa na kimya. Nyumba ikitulia tu, anaangua kilio. Dawa yake ilikuwa redio iliyokaa juu ya friji. Mama aliiwasha alfajiri na kuizima wote walipolala, na mtoto akanenepa.

Nyumbani kwetu, kama kwa Wapolandi wote, Krismasi ilianza usiku wa kuamkia Krismasi yenyewe, nyota ya kwanza ilipoonekana. Kabla ya nyota hakuna aliyemega mkate wala kugusa samaki. Kazi ya kuitafuta nyota ilikuwa ya Norbert, na nyote mnalijua anga la Milwaukee mwezi wa Desemba lilivyo. Mwaka alipokuwa na miaka sita mawingu yaliziba kabisa. Alisimama dirishani mpaka kioo kikajaa ukungu wa pumzi zake.

"Baba, na isipoonekana?"

"Itaonekana."

"Na isipoonekana kabisa kabisa?"

"Ukiniuliza tena, nitakutundika wewe huko juu, tule."

Norbert akaanza kulia. Raymond akachukua tochi, akatoka kimyakimya, akapanda juu ya paa la banda la gari na kuimulika kutoka nyuma ya bomba la moshi. "Nyota! Nyota hiyo!" akapiga kelele Mama, na chakula kikaliwa. Miaka mingi baadaye Norbert alimwambia Raymond, "Kaka, niliijua siku ileile. Nyota gani inakohoa?"

Alisoma shule ya parokia hii, akamaliza sekondari mwaka 1969, kisha akasomea kinanda cha kanisa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin hapa mjini na kuhitimu Mei 1973. Mwalimu wake alimsifu kwa vidole, ila alimlaumu kwa jambo moja: mahali ambapo muziki unatakiwa kunyamaza, Norbert hakunyamaza vya kutosha. Alivifupisha vituo kama mtu anayekimbizwa.

Tarehe 3 Septemba 1974 aliajiriwa na stesheni yetu ya redio kuwa mpanga santuri, na mwaka 1980 akafanywa mkuu wa muziki. Kazi hiyo ina miezi kumi ya raha na miwili ya mateso. Kuanzia Novemba simu hazikukoma. Mmoja alilalamika kwamba nyimbo za Krismasi zimeanza mapema mno, hata bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani hajaliwa. Mwingine alilalamika kwamba zimechelewa. Wakatoliki walisema Walutheri wamependelewa, na Walutheri walisema hivyo hivyo kuhusu Wakatoliki. Wayahudi, ambao Krismasi iliwamiminikia wiki sita kutoka kila kona, walipewa nusu saa moja ya Hanukkah, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa siku nane, yenye nyimbo zilezile tatu za watoto. Norbert aliona aibu. Akaandika barua New York, Montreal na Saloniki huko Ugiriki, akakusanya kwaya za masinagogi, nyimbo za jikoni za Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, na wazee walioimba kwa lugha za bibi zao. Nusu saa ikawa saa nzima. Mfuko wake wa koti ulijaa vidonge vya tumbo, na kila Desemba alipungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya.

Basi mwaka 1981 akafanya kosa. Kalenda ya ukutani ilisema Hanukkah ni Jumatatu, Desemba 21. Norbert akaipanga saa yake Jumatatu jioni, akaketi mbele ya kipaza sauti na kutangaza kwa sauti ya upole kwamba muda huu, mjini kote, familia zinawasha mshumaa wa kwanza. Simu ikalia kabla wimbo wa kwanza haujaisha.

"Kaka, samahani," alisema mwanamke, "mshumaa wa kwanza tuliuwasha jana."

"Kalenda inasema leo, dada."

"Kalenda inahesabu mchana. Sikukuu yetu inaingia jua likizama, usiku wa kuamkia. Wewe unaitwa nani?"

"Norbert Stachowiak."

"Mpolandi! Na nyinyi Krismasi mnaila lini?"

Norbert akakumbuka dirisha, ukungu na nyota. "Usiku wa kuamkia," akasema.

"Ulidhani sisi ndio watu wa mchana?"

Mwanamke huyo alikuwa Marcia Feldsher, mwalimu wa hesabu. Norbert alitetemeka wiki nzima akisubiri kufukuzwa kazi. Hakufukuzwa. Aliyemfuata ni Marcia, aliyekuja stesheni siku ya mshumaa wa mwisho na sahani ya keki za viazi iliyofunikwa kwa kitambaa, akasema amekuja kumwona mtu aliyeikosesha Milwaukee nzima sikukuu. Walifunga ndoa mahakamani tarehe 17 Juni 1983. Mama yetu alikuwa na wasiwasi wake. "Clemens, hao watoto watakuwa nani?" aliuliza. Baba akajibu, "Watakuwa watoto, Eleanor. Pitisha chumvi." Wakazaliwa Joel mwaka 1985 na Celia mwaka 1988, na nyumba yao ikawa na nyota dirishani na mishumaa mezani.

Marcia ndiye aliyemwomba kile kimya. Alimwambia, "Wewe unatuletea nyimbo mfululizo, moja inaisha nyingine imeshaingia. Mtu awashe mshumaa saa ngapi? Tupe nafasi." Kwa mtu wa redio, kimya ni kama moto kwa mwenye ghala la pamba. Na huyu alikuwa mtu aliyelizwa na kimya tangu utotoni. Lakini mwaka wa ndoa yao, usiku wa mshumaa wa kwanza, alisema, "Sasa washeni," akakiinamia kipaza sauti na kunyamaza. Alinyamaza muda wa njiti moja ya kiberiti, tangu inapokwaruzwa mpaka inapokaribia kuunguza vidole. Aliniambia jasho lilimtoka mpaka kwenye viatu. Kesho yake watu walipiga simu, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Akafanya hivyo kila mwaka, na kila mwaka aliogopa upya. Stesheni ilikuwa imefunga kifaa kinachosikiliza hewani. Kikisikia kimya kirefu hudhani mtangazaji amezimia, nacho hupiga muziki wa dharura chenyewe. Mwaka 1997 Norbert aliwaonea huruma wazee wenye vidole vizito, akarefusha kidogo. Kifaa kikaingia na wimbo wa Krismasi, kwaya ya watoto, njuga, na kulungu wa Baba Krismasi wakikimbia, sauti ya juu kabisa, wakati nusu ya Wayahudi wa Milwaukee wameshika njiti mkononi. Marcia akampigia simu. "We Norbert, kuna kulungu sebuleni kwangu. Nimpe keki ya viazi?" Norbert alicheka, lakini siku tatu hakula. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na tangu mwaka huo kila Desemba alikiendea kile kifaa na kukigusa kabla ya kipindi, kama anayekiomba kivumilie.

Alistaafu tarehe 31 Mei 2019. Stesheni ilikuwa imeuzwa, na ratiba ikawa inapangwa na kompyuta iliyo mji mwingine, lakini saa yake moja ya mshumaa wa kwanza walimwachia.

Tarehe 12 Agosti mwaka huu madaktari walimwambia ana saratani ya kongosho. Alipotoka hospitali alifungua kalenda. Mwaka huu mshumaa wa kwanza unaangukia jioni ya Krismasi yenyewe, Jumatano hii, Desemba 25. Alisema lazima afike. Mwezi Oktoba sauti ilipoanza kumwisha alirekodi kipindi jikoni kwake, nyimbo za nyumba zote mbili kwa pamoja, na katikati akakiweka kimya. Mimi nilikuwapo. Alinyamaza mbele ya kipaza sauti akiwa amemshika Marcia mkono, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sikumwona akitetemeka.

Tarehe 9 Desemba binti anayefanya kazi stesheni, Tessa Halvorsen, alituma ratiba. Kipindi kilipangwa tarehe 26, kama kalenda inavyosema. Na kompyuta, ilipokipokea, ilikiona kile kimya kuwa ni hitilafu, ikakikata. Norbert alijaribu kuinuka kitandani. Marcia akapiga simu kama alivyopiga mwaka 1981, lakini safari hii alijibiwa na sauti ya mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili. Alibonyeza zote. Mwisho akavaa buti na kuendesha gari kwenye theluji mpaka stesheni.

"Mama, siwezi kuigusa," Tessa alimwambia mlangoni. "Ratiba inafungwa huko huko. Ikishafungwa imefungwa."

"Mwanangu, usiku wa tarehe 26 tutakuwa tunawasha wa pili."

"Lakini kalenda inasema…"

"Kuna kijana aliwahi kuniambia hivyo hivyo," Marcia akasema. "Ikabidi niolewe naye ili aelewe."

Tessa alicheka, kisha machozi yakamlengalenga. Akasema atajaribu, ila asimtegemee.

Jumatatu ya wiki iliyopita Norbert alimuuliza Marcia, kwa midomo tu, "Wamebadilisha?" Marcia hajawahi kumdanganya, na hakuanza siku hiyo. Akasema, "Bado. Lala, mimi nipo." Hakulala. Macho yake yalikaa kwenye redio. Alifariki nyumbani kwake Jumanne, tarehe 17 Desemba 2024, asubuhi, redio ikiwa imewashwa. Linaniuma sana kwamba ndugu yangu ameondoka na swali mdomoni.

Ameacha mjane, Marcia. Watoto wawili, Joel na Celia. Mkwe, Beth, mke wa Joel. Wajukuu watatu, Miles, Ruthie na Simon. Dada yake, Geraldine. Na wasikilizaji ambao hakupata kuwaona lakini aliwaogopa wote.

Karatasi mlizonazo zinaishia hapo, kwa maneno yale ya kumwombea mapumziko. Yanayofuata hayamo. Jana, Jumapili, karatasi zikiwa zimeshachapwa, simu ililia nyumbani kwa Marcia. Mimi ndiye niliyepokea.

"Shangazi, ni Tessa wa redio. Ratiba wamekataa kuibadilisha."

Nikasema, "Asante kwa kujaribu, mwanangu."

"Sijamaliza. Jioni ya Krismasi stesheni haina mtu, kompyuta inajiendesha. Kuna swichi ya zamani ya kuikata. Nitakwenda mwenyewe na ile rekodi ya kwanza, aliyoileta Mzee Norbert, yenye kimya chake. Nimemwambia mama aniwekee chakula."

"Watakufukuza?"

"Labda. Mimi kinachonitisha ni kile kifaa. Kikisikia kimya si kitaingia?"

Nikamwambia alichokuwa akifanya Norbert: kiguse kwanza, halafu muda wa njiti moja, usizidishe. Akaniuliza njiti ni muda gani. Nimepima njiti kumi jikoni tangu jana, na hakuna mbili zilizolingana. Kwa hiyo sijui, ndugu zangu. Sijui kama swichi itamtii, sijui kama kimya kitapita salama au kulungu watatuvamia tena. Jumatano, jua likizama, saa kumi na nusu, washeni redio zenu. Asiye na mshumaa wa Hanukkah awashe wowote alio nao. Tessa, naona umekaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Sogea mbele, mwanangu, ukae na sisi.

Na sasa, kabla hatujambeba, namwomba Marcia asimame hapa kando ya jeneza. Ana kiberiti mkononi. Padre amekubali. Norbert, tunanyamaza sasa, na hapa hakuna kifaa cha kukuingilia. Usihesabu, kaka. Usiharakishe kituo hiki. Pumzika mpaka njiti iishe, kisha uendelee kupumzika.