Picha za Genoveva

Boti ilikuwa imeshaiacha bandari ya Kibirizi nyuma Genoveva aliposikia kazi yake ikijadiliwa. Alikuwa mkunga katika kambi ya wakimbizi, anakwenda likizo kwao, na humo botini hakuna aliyemjua.

"Nimesikia redioni," alisema mwalimu mmoja mstaafu, "eti wakunga wa kambini wamefundishwa ultrasaundi ndogo ya kushika mkononi. Watafiti wakazipeleka picha zao kwa madaktari bingwa, wakakuta karibu zote wakunga wamezisoma sawasawa. Mimi sisadiki. Udaktari husomewa miaka."

Muuza dagaa aliyekaa mbele yake akageuka. "Shikamoo nilikupa, mzee, lakini hapo nakukatalia. Mkwe wangu anakaa kijiji jirani na kambi. Mkunga alimpima, akaona kondo la nyuma limeziba njia, akampeleka hospitali mapema, akapasuliwa. Angengoja uchungu, ningezika wawili."

"Hiyo ni bahati tu, mama."

"Bahati haina macho, mzee!"

Hata mwendesha injini aligeuza shingo. Genoveva alitazama maji. Alimkumbuka binti yule wa kijiji jirani alivyomng'ang'ania mkono siku alipompima. Wale wawili wakabishana mpaka boti ikagusa mchanga, na hakuna aliyekubali kushindwa.

"Mama," Genoveva aliuliza wakishuka, "mjukuu hajambo?"

"Hajambo, sasa anatambaa. Kwani unamjua?"

"Nilimwona kabla yenu nyote, angali tumboni," alisema Genoveva, akaingia majini kichwa juu, viatu mkononi.