Mkono Uliovimba: Maisha ya Dada Yetu Tusekile Asajile Mwaisumo, 1971–2025

Jumatatu tarehe 14 Machi 2005, saa nne asubuhi, katika hospitali moja mjini Tukuyu, muuguzi aliushika mkono wa kushoto wa dada yangu Tusekile, akapima kwa rula uvimbe mgumu uliotokea pale alipochomwa sindano ya kupimia kifua kikuu siku tatu kabla, akapata milimita kumi na saba, akatabasamu, na sisi ndugu tuliosimama pale tukaanza kulia. Wachungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Ikuti na wageni wote, mimi ni Ackson, mdogo wake marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, na nimeanzia hapo kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza hivyo, na kwa kuwa siku ile sisi tulikosea.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1971 hapa Ikuti, mtoto wa kwanza wa mzee Asajile Mwaisumo, aliyekwisha kututangulia, na mama yetu Esnath, ambaye tuko naye hapa, akabatizwa mwaka huohuo, na akasoma shule ya msingi hapahapa kuanzia 1979 hadi 1985. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, hivyo akaanza kuchuma chai na kulima migomba ya nyumbani. Tarehe 19 Septemba 1992 alifunga ndoa na Meshaki, wakajaliwa watoto wawili, Tulia mwaka 1993 na Amoni mwaka 1997. Shemeji Meshaki alifariki tarehe 3 Mei 2003, na mwaka uliofuata dada akaanza kukonda.

Januari 2005 alipimwa akakutwa na virusi vya UKIMWI, na CD4 zake, yaani zile chembechembe nyeupe za damu ambazo mtu mwenye afya huhesabiwa zaidi ya mia tano, zilikuwa thelathini na nane. Ndipo alipochomwa ile sindano ya ngozi kwa mara ya kwanza, mkono ukabaki laini, nasi tukarudi nyumbani tukiimba kwamba kifua kikuu hana. Tarehe 8 Februari alianza dawa za kufubaza virusi, na wiki nne baadaye, badala ya kupata nafuu, alishikwa na homa kali na tezi za shingo zikavimba. Mama akasema dawa zinammaliza, mimi nikazificha darini, na naungama mbele yenu kwamba nilipasua hata mbao za jeneza. Hospitali walipomchoma sindano ile kwa mara ya pili, nasi tukauona na mkono umevimba, tukajua yamekwisha.

Muuguzi yule, Hajira binti Khalidi, alitukalisha akatuuliza tunalilia nini. Akatueleza kwamba vijidudu vya kifua kikuu hujificha ndani ya chembe hai za mwili, mahali ambapo kinga inayoelea katika damu haivifikii, kwa hiyo mwili hutegemea kinga ya namna nyingine, ambayo chembe moja huiendea nyingine na kuikagua. Chembe iliyoingiliwa huweka kipande cha adui nje ya ukuta wake, CD4 zikikitambua hupiga kengele, na zile chembe zilizomeza vijidudu zikashindwa kuviua hupata nguvu kwa kengele hiyo. Virusi vilikuwa vimewaua wapiga kengele. Mkono ulibaki laini mwezi Januari, si kwa kuwa ugonjwa haukuwepo, ila hapakuwa na chembe za kutosha za kuuona, na sasa dawa zimezirudisha, nazo zimekusanyika pale mkononi na shingoni kama watu waliosikia wito. Alisema homa ile ilikuwa hatari na lazima itibiwe, lakini ni homa ya mwili ulioamka, kisha akanigeukia mimi, akasema mbao nizitafutie kazi nyingine na dawa ziwe zimerudi kabla jua halijazama.

Nilizirudisha. Dada alimeza dawa za kifua kikuu miezi minane pamoja na zile za virusi, akapona, na Desemba 2006 CD4 zake zilikuwa mia nne kumi na mbili.

Mbao alizidai yeye, akachongesha benchi, na kwa miaka kumi na nane akiwa mhudumu wa afya wa kujitolea aliwakalisha wagonjwa juu yake, akiwahimiza wakae vizuri bila wasiwasi, kwa kuwa mbao zake mdogo wake alizipima kwa urefu wake yeye. Hapo aliwafundisha kwamba mgomba ulioshikwa ugonjwa kwa ndani hatuuoshi majani, tunautambua kwa dalili za nje na kuung'oa ili mgomba jirani usalimike, na ndivyo chembe za kinga zenye kazi ya kuua zinavyoitoboa chembe iliyoingiliwa na virusi na kuifanya ife, na kazi ikiisha nyingi hutoweka, lakini chache hubaki miaka mingi zikiikumbuka sura ya adui. Kutoka hapa hadi Matwebe, wapo waliotaka kuacha dawa homa ilipopanda, wakamkumbuka, wakaenda hospitali, na leo wamebeba maua.

Ijumaa tarehe 15 Agosti 2025 alipata kiharusi akiwa shambani, na Jumapili tarehe 17, saa mbili asubuhi, alifariki akiwa na miaka hamsini na minne, na kipimo chake cha mwisho hakikuona virusi katika damu. Ugonjwa ule haukumshinda. Ameacha watoto wawili na wajukuu wanne.

Tunawashukuru madaktari, wahudumu wenzake, kwaya, majirani mliopika na kuchota maji, na wewe dada Hajira uliyetoka Bulyaga na magoti yako yanayouma, ndaga fijo, asante sana.

Ee Mungu, ulimpa dada yangu miaka ishirini ambayo mimi kwa mikono yangu nilikuwa nimemnyima, tunakusifu kwa kila siku yake, umpokee, umpe pumziko la amani. Amina.