Mama Askofu, Uliona Nini?

Mgeni rasmi, Mama Askofu Kasiva, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi mlioacha vibanda na ofisi zenu siku ya kazi mkaja kutuombea: Bwana asifiwe.

Sisi ni wasichana wa Kidato cha Nne, wanachama wa Chama cha Wakristo cha shule hii. Risala hii tumeiandika pamoja bwenini, tukigombana, wengine wakilia. Anayeisoma ni Nyawira, kwa sababu ndiye huandika tafakari za chama na kwa sababu, kama walimu wanavyopenda kusema, hana haya. Mwalimu Mbuthia, mlezi wetu, aliipitia jana. Alitaka tutoe sentensi moja, kisha akasema, "Someni polepole, na msimtusi mtu." Tutajitahidi.

KARIBU

Karibu tena, Mama. Tunasema tena kwa sababu mwaka jana ulikuwa hapa, siku kama hii ya kuwaombea watahiniwa, chini ya hema hilihili. Tunakupenda, na hatusemi hivyo kwa sababu risala huanza hivyo. Wengi wetu tulikujua kabla ya kukuona, kupitia redio ya jikoni, mama zetu wakikoroga uji na wewe ukihubiri. Ulipotuita "binti zangu" tuliamini, na wapo kati yetu ambao hawana mtu mwingine wa kuwaita hivyo. Ndiyo maana tumeamua kukuambia haya wewe mwenyewe, machoni, badala ya kunong'onezana ukishaondoka.

Mwalimu Mkuu, tunakuomba utuache tumalize.

TULIKOTOKA

Chama hiki kilianzishwa na dada zetu waliokutana katika maabara ya biolojia, kwa kuwa shule haikuwa na pahali pa ibada. Walisali wakiangaliwa na vyura wa kwenye chupa. Wengi wao walikuwa watoto wa hapa Waithaka na Dagoretti, na mmoja alitoka Loresho, mtaa wa matajiri, akaletwa hapa na babake ili anyooshwe. Wakimaliza kuomba walifungua vitabu palepale, kwenye meza zilezile.

Desturi ya kuombea kalamu ilikuja baadaye. Watahiniwa wote huweka kalamu zao kwenye karai, mtumishi wa Mungu huzipaka mafuta, na kila mtu huchukua yake na kuilinda hadi siku ya mtihani. Hatutajifanya hatukuipenda. Tulikuwa na hofu, na kalamu iliyopakwa mafuta ilikuwa kitu cha kushika mkononi.

TULIYOFANIKIWA

Kwaya yetu imeimba mpaka mashindano ya kitaifa. Tuna wenzetu waliokuja hapa hawasalimiani na watu, na leo wanaongoza ibada. Tena tulikuwa na Ukuta wa Tafakari, nje ya ukumbi wa maankuli, ambapo Nyawira alibandika maandishi yake kila Ijumaa. Akiwa Kidato cha Kwanza aliandika kwamba anayeomba sana hawezi kufeli, na shule ilimpigia makofi. Mwaka huu aliandika hivi, na hakuna aliyepiga makofi:

"Nilifundishwa kuomba kama nilivyofundishwa kanuni za hesabu: weka hiki, utatoa kile. Sikufundishwa cha kufanya jibu likikataa. Sasa najifunza kuomba bila kujua jibu, na ninaogopa. Lakini nikisoma kemia nisielewe, sisemi kemia ni uongo, wala sisemi mimi nimelaaniwa. Narudia ukurasa. Nafikiri Mungu ananivumilia hivyohivyo, na mimi nataka kumvumilia."

Karatasi hiyo ilibanduliwa kabla ya chakula cha jioni, na ukuta ukapakwa rangi. Tuliambiwa watahiniwa hawahitaji mashaka karibu na mtihani. Ala! Kwani mashaka tuliyatoa ukutani? Tulikuja nayo bwenini, tunalala nayo kitanda kimoja. Lakini karatasi hiyo tumeiweka katika mafanikio, kwa sababu baada ya kuisoma wasichana wengi waliacha kuigiza imani na wakaanza kuongea.

CHANGAMOTO

Risala nyingine hapa huomba basi la shule na maji ya bomba. Basi hatuna, na maji huja yakitaka. Leo hatuombi hivyo. Changamoto yetu ina jina, na jina lake ni Jackie.

Mama, pengine umemsahau, maana unaombea watu wengi. Jackie alikuwa kiongozi wa waimbaji wetu, msichana mrefu mwenye mwanya na kicheko kinachosikika hadi langoni. Mwaka jana yeye alikuwa Kidato cha Nne, sisi cha Tatu. Alikuwa mwanafunzi wa B, na hiyo B aliitolea jasho. Ulipomaliza kuhubiri ulimwita kwa mkono: "Wewe, msichana wa sauti, njoo." Ukamshika mkono wa kulia, ukauinua juu, ukafumba macho, ukasema, "Naona koti jeupe. Naona A. Bwana amekwisha kuiandika, na hakuna wa kuifuta." Shule nzima ilipiga mayowe. Mama yake, anayeuza mboga sokoni Dagoretti, alivua viatu akacheza kwenye nyasi.

Tangu siku hiyo Jackie akawa Dakta. "Dakta, sasa?" "Dakta, hebu niangalie hili jino." Tulimtania, naye alicheka. Lakini vitabu akaanza kuviweka kando. Mwalimu wa kemia alipomuuliza mbona haonekani kwenye masomo ya jioni, alimjibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, hiyo kemia nimeshapita. Nikisoma sana, si nitakuwa namwambia Mungu simwamini?" Mtihani ulipoanza akafunga kula, ati ailinde ahadi isiibiwe. Siku ya kemia ya vitendo alianguka maabara chupa ikiwa mkononi. Tafadhali mtu asicheke. Mwenzetu alikuwa na njaa.

Alipata D+.

Mama yake alipiga simu ofisini kwako. Msaidizi wako alimjibu, kwa sauti nzuri tu, "Neno la mtumishi halianguki, mama. Binti yako achunguze maisha yake." Pengine hukujua. Tunamwomba Mungu iwe hukujua.

Basi Jackie akachunguza. Haki ya Mungu, hakuna kitabu alichowahi kusoma kwa bidii kama alivyosoma maisha yake. Alikuwa anaitafuta ile dhambi iliyokula A yake. Alimpigia mmoja wetu simu akilia, anaomba msamaha kwa ajili ya malapa aliyoazima Kidato cha Pili akayarudisha yamekatika. Kisha alikuja hapa langoni kumtafuta mpishi wetu, Mzee Obuya, akapiga magoti kwenye changarawe kwa sababu ya chapati ya pili aliyokula siku ya michezo.

Mzee Obuya alimwinua. "Wewe mtoto, hiyo chapati si nilikupa mimi?"

"Nilikudanganya, Mzee. Nilisema sijapata."

"Na mimi nilijua unanidanganya, nikakupa tu. Sasa kosa iko wapi?"

Jackie hakumsikia. Aliondoka analia, na Mzee Obuya, ambaye hatujawahi kumwona akikosea jikoni, siku hiyo aliunguza githeri ya shule nzima.

Mwezi wa pili Jackie alijaribu kujitoa uhai. Tunalisema waziwazi kwa sababu mama yake ametuambia tuseme, na Jackie mwenyewe amekubali. Alipatikana mapema, akalazwa, akarudi nyumbani Waithaka. Yuko hai. Anaonana na daktari anayetibu maradhi ya namna hiyo, na tunamshukuru Mungu kwa ajili ya daktari huyo. Lakini Jackie haimbi tena. Hatoki chumbani. Kanisani hakanyagi, maana anasema akiingia ataharibu ibada ya watu wengine.

Sisi humtembelea wakati wa likizo. Tukimwambia mtihani unaweza kurudiwa, anaitikia kwa kichwa. Tukimwambia Mungu anampenda, anageukia ukutani. Mwenzetu mmoja alikasirika akamwambia, "Jackie, hukufanya dhambi yoyote, ulikuwa tu hujasoma!" Tukamkanyaga mguu anyamaze. Lakini Jackie aliketi, kwa mara ya kwanza, akatutazama.

"Nyinyi hamnielewi," alisema. "Kama aliona kweli, basi mimi ndio niliharibu, na sijui niliharibia wapi. Siwezi tubu kitu sijui. Lakini kama hakuona kitu..." Akavuta blanketi. Tulipokuwa tunaaga akasema tena, kwa sauti ndogo: "Si mumuulize tu? Aliona ama hakuona?"

Mama, tuna hasira. Mwalimu Mbuthia alituambia tuitoe sentensi hii, nasi tukaibakiza. Tuna hasira, na hatujui tumwekee nani. Tukikuwekea wewe tunakumbuka redio ya jikoni. Tukimwekea Mungu tunaogopa. Tukijiwekea sisi tunakumbuka tulivyopiga mayowe siku ile kuliko wote.

MAOMBI

Ombi la kwanza ni jepesi. Kwa kawaida saa hii kalamu zetu zingekuwa hapo mbele yako, na umeona karai ni tupu. Si kiburi. Tumeziacha darasani, na tutaandikia vile zilivyo. Usimwone yeyote kati yetu akiwa na koti lolote, liwe jeupe au jeusi la mawakili. Tuombee tulale usingizi. Tuombee tukumbuke tulichosoma, na tule asubuhi. Tena umwombee yule atakayepata D, maana kwa hali ya kawaida yumo humu hemani na yeye mwenyewe hajijui, ili siku hiyo ikifika asidhani Mungu amemfuta.

Ombi la pili ndilo lililotuleta. Uliona nini siku ile, ulipomshika Jackie mkono?

Kama uliona, tuambie ulichoona. Lakini pengine hema lilikuwa limechangamka, kinanda kinalia, na mbele yako amesimama mtoto mwenye sauti nzuri na mwanya, ukampenda, ukamtakia mema mbele ya kipaza sauti. Jambo hilo linaweza kumpata yeyote. Ukisema, "Binti zangu, sikuona, nilitamani tu," hatutakuzomea. Hatutalipeleka mtandaoni. Tutakuwa tumempoteza nabii, na mama tutabaki naye. Lakini Jackie ataacha kutafuta, na hilo ndilo tunalolitaka kuliko A zote za shule hii.

Tunajua tunachokuomba si kidogo. Wewe una kanisa, una kipindi cha redio, una watu wanaokuja kwako wakitoka mbali. Jackie ana kitanda na ukuta wa kugeukia. Tumepima tukaona ni haki kuomba kwa mwenye vingi.

Wala usiseme utatuma mtu ajibu, Mama. Msaidizi wako alishajibu.

Mama Jackie ameketi nyuma yako, mwenye shali ya kijani. Simu iliyo mapajani mwake iko hewani tangu tulipoanza kusoma. Jackie yuko upande wa pili, chumbani kwake Waithaka, amejifungia mlango, anasikiliza. Hatukumwahidi utajibu nini. Tulimwahidi tu kwamba tutauliza, na kwamba baada ya kuuliza hatutaimba wala kupiga makofi, ili asije akakosa neno hata moja.

Nyawira anakuletea kipaza sauti hapo ulipo, usihangaike kusimama.

Mungu akutunze, Mama Askofu, akulindie nyumba yako na sauti yako, na akupe leo ujasiri aliowapa wasichana hawa wa kusimama hapa. Jackie, usikate simu.

Ni sisi wako,
Wasichana wa Kidato cha Nne,
Chama cha Wakristo, Waithaka.