Viatu vya Perla

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha kahawa, mtaa wa Hadar, hapa Haifa. Wenyewe ni watatu. Zelig, dereva wa basi mstaafu, tunamwita Profesa kwa sababu hajawahi kusema "sijui". Bluma ni Waziri, kila habari ya mtaa lazima ipite kwake. Wa tatu ni Gitel, mpole, aliyetoka hai katika kambi za Wanazi akiwa msichana wa miaka kumi na saba. Siku hiyo ilikuwa zamu yake kurekodiwa. Noga, mtengeneza filamu, anawasaka wanawake waliosalimika, na saa kumi angekuja na kamera yake pamoja na Perla, mtoto pekee wa Gitel. Gitel aliulizia saa kwa mara ya tatu, na mimi nikaingiwa na hofu kwa kumtazama tu.

— Anaogopa ile taa yao ya kamera, alisema Waziri. Inachoma mpaka moyoni. Kuna mmoja kule Netanya alirekodiwa Jumatatu, Alhamisi hajui hata jina lake.

— Taa si kitu, Profesa akadakia. Picha zinapelekwa Ujerumani. Kuna mashine inahesabu unavyopepesa macho, inajua ulichoficha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo inaingiaje hapa? Waziri akauliza.

— Inaingia. Wewe kunywa kahawa.

Gitel hakucheka. Aliweka kikombe chini.

— Mashine ya nini, Zelig? Nitasema mwenyewe, ndicho ninachoogopa. Wanazi walipotuswaga kwenye theluji, tulilala bandani. Viatu vyangu vilikuwa vimekwisha, nikamvua mwenzangu vyake akiwa usingizini. Kesho yake alitembea pekupeku. Jioni hakufika.

Nikamuuliza aliitwa nani.

— Perla.

Sisi Wayahudi humpa mtoto jina la marehemu, na miaka yote Gitel alituambia la binti yake ni la mama yake mzazi.

Ndipo Noga na binti wakatokea. Noga alisimamisha kamera, akaiwasha, na ili kuchangamsha baraza akaanza na swali jepesi kwa binti.

— Perla, hilo jina umelirithi kwa nani?

— Kwa bibi, mama yake mama. Si ndiyo, mama? Hebu leo tusimulie, alikuwa mtu wa namna gani?

Waziri alichungulia kikombe chake. Profesa naye chake. Nikainua birika niwaongeze, halikuwa na kitu. Gitel alikuwa anaangalia viatu vya binti yake.