Tanti Euralie na Bahari Isiyopiga Hodi

Wasikilizaji wapendwa, Tanti Euralie, shangazi yetu sote, hatunaye tena. Euralie Noel wa Anse Cocotte, mshonaji wa sare za shule, mpiga simu wetu wa kila asubuhi, alifariki Jumapili.

Hakuwa mtu wa kutulia. Akipiga simu unamsikia anatembea huku anaongea, kandambili zikipiga sakafu.

“Nyie mnasema mabadiliko ya tabianchi,” alituambia mara ya kwanza. “Mimi nasema bahari inaingia makaburini bila hodi! Mume wangu Alford yuko mstari wa tatu. Mstari wa kwanza umeshakwenda.”

Kisha akasema lililowasha kijiji. Bahari inapanda, alisema, nasi tunaifungulia mlango, malori yanachota mchanga wa ufukweni.

“Na dereva mmoja ni Kimron, mwanangu wa kumzaa.”

Simu ya pili ikalia. Kimron huyo.

“Mama, kata simu! Unaniaibisha nchi nzima!”

“Wewe, uko kazini au uko redioni?”

“Mchanga huohuo ndio uliojenga jiko lako, Mama.”

Kandambili zikasimama.

“Basi na mimi nimo,” akasema. “Lakini sinyamazi.”

Hawakusemezana miezi mingi. Verlise, dada yake Tanti, anasema: “Alipika chakula cha watu wawili, akala peke yake, akarudi kwenye simu yenu.”

Alipiga tena. Akapiga tena. Wakubwa wakaahidi ukuta wa kuzuia bahari. Ukuta haukuja. Kikaja kimbunga.

Kulipokucha, mstari wa pili haupo. Kimron alimkuta mama yake makaburini, maji yamemfika magotini, amekumbatia msalaba wa Alford usichukuliwe. Hakuomba radhi. Alisema tu: “Shika huku, Mama. Mimi nashika huku.”

Lori aliliacha baadaye. Wenzake bado wanachota, hata leo hii.

Tanti Euralie alitaka kulala karibu na mumewe. Haikuwezekana, pale chini hapachimbiki kaburi jipya tena. Jana tulimzika juu mlimani. Udongo haujakauka, Kimron akanishika mkono: “Baba naye tunamfukua na kumpandisha huku Jumamosi. Bahari haimpati.”

Pole Kimron. Pole Verlise. Poleni Anse Cocotte. Nasi tuliobaki, kila mmoja aitazame nyumba yake, ajiulize mchanga wake ulitoka wapi.

Na Jumamosi, anayempenda Tanti Euralie asilete maua. Alete sepetu.