Pacha Ndani ya Sanduku

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu fundi wa maabara alikuwa amepakata sanduku la barafu. Dada aliyeketi kando yake akamuuliza amebeba nini.

"Damu ya utafiti. Tunaangalia jeni zinazofanya kazi kwa watu wenye mafuta mengi kwenye damu."

"Pacha wangu alikuwa humo, mshiriki namba arobaini na moja. Moyo ulimsimama mwaka jana."

Kibandiko cha sanduku kilisema 40 hadi 49. Nilikisoma mara mbili.

"Pole, dada. Lakini humu hamna mtu."

"Hamna mtu, na bado mnamuuliza maswali anajibu?"

"Chembe za damu ndizo zinazojibu. Zinaonyesha jeni zipi zilikuwa zimeamka siku ile alipotolewa damu."

"Na zangu je? Tulifanana mpaka mama alikuwa anatuchanganya."

"Jeni zenu ni zilezile. Zipi zimelala na zipi zimeamka, hapo mnaweza kutofautiana. Bila kukupima sijui."

"Alikuwa mwembamba hivihivi kama mimi, kaka. Alikuwa akinitania kwamba mimi ndiye nitakayetangulia."

Treni ikasimama kituo cha hospitali. Fundi aliinuka. Dada naye aliinuka, akaweka kiganja juu ya kifuniko.

"Haya, twende ukanipime," alisema, akitazama kila kitu isipokuwa fundi.