Mashairi Tuliyoyasoma Midomoni mwa Agnes

Mheshimiwa Meya na mama Meya, Mchungaji Hargreaves, Bi Mabel Threlfall uliyetufikia wiki hii kutoka Southport kwa treni iliyochelewa, Waheshimiwa Madiwani, Mkutubi wetu, ndugu wageni waalikwa, na ninyi kina mama wa mstari wa mbele mliokwisha kukaa hapo kabla mlango haujafunguliwa, sijui mlipitia wapi: nawasalimu nyote.

Mimi ni Derek Ogden, mwenye duka la misumari na vitasa Mtaa wa Kanisa. Kamati ilimtafuta profesa, profesa akashikwa na mafua. Ikamtafuta mwandishi mwenye jina, mwandishi akaitazama ramani akaomba radhi. Ndipo mtu mmoja akasema, "Derek ana suti." Kwa hiyo mnachokisikia leo ni suti, ndugu zangu, na mimi nimo ndani yake.

Tumekusanyika ili chumba hiki cha kusomea kipewe jina la Agnes Threlfall, aliyeandika riwaya sita na vitabu vitatu vya mashairi, na kwa riziki yake akawafundisha watoto wa hapa Harthwick hesabu za kugawanya, mimi nikiwa mmoja wa walioshindikana. Alizaliwa Southport, binti wa muuza kofia. Alikuja hapa mwaka wa mgomo mkubwa, na upepo ukaugeuza mwavuli wake hata kabla hajatoka stesheni. Alikusudia kukaa mwaka mmoja. Akakaa mpaka Februari iliyopita, tulipomzika, au tuseme tulipouchoma mwili wake ukawa majivu, kwa sababu kuzikwa ndilo jambo ambalo bado halijafanyika, na ndilo lililonitoa jasho wiki nzima.

Huko London walimsifu. Waliandika magazetini kwamba hakuna aliyeieleza mvua kama yeye, na kwa kweli mvua alikuwa nayo ya kutosha. Hapa kwetu je, tulimwambia nini? Riwaya yake ya kwanza ilipotoka, ambayo nusu ya mtaa wa Mill Lane imo ndani yake, mwenye bucha alimfungia soseji zake akamwambia, "Nimewahi kusoma vitabu vibaya kuliko hiki, mwalimu." Sisi tuliokuwa dukani tulitazamana kwa mshangao. Tuliona mzee amepitiliza. Amemmwagia mtu sifa hadharani, mchana kweupe!

Lakini mtu wa Southport atajuaje hayo?

Jumanne Bi Mabel aliingia dukani kwangu kutafuta kamba ya kufungia masanduku ya marehemu dada yake. Nikampa pole. Akaniangalia kama vile Agnes alivyokuwa akiangalia daftari langu.

"Bwana Ogden, dada yangu kaishi nanyi umri mzima. Yupo hata mmoja aliyewahi kumwambia kwamba amelisoma shairi lake likamgusa?"

"Bi Mabel, sisi watu wa huku, unajua..."

"Sikuulizi habari za watu wa huku. Yupo au hayupo?"

"Hayupo."

"Basi. Alikuwa akiniambia kila Krismasi, 'Mabel, sidhani kama kuna mtu kule anayenisoma.' Majivu yake nayachukua. Mkimaliza sherehe yenu, napanda nayo treni."

Na majivu yenyewe, ndugu zangu, yapo hapa, chini ya kiti cha Bi Mabel, katika mfuko wa bluu. Agnes hakuacha agizo lolote. Sisi tumemchagulia mahali juu ya kilima, nyuma ya kanisa, ila mwenye haki ya kuamua ni dada yake. Mimi nimepewa dakika kumi nimjibu. Tatu nimezimaliza kwa kujieleza.

Jibu langu ni hili, Bi Mabel. Hawa kina mama wa mstari wa mbele walikuwa wafumaji katika kiwanda cha nguo. Mle ndani mitambo ilinguruma kiasi kwamba ungeweza kupiga tarumbeta sikioni mwa jirani yako asigeuke. Kwa hiyo walizungumza kwa midomo tu, bila sauti, kutoka upande huu wa ukumbi hadi ule. Walichumbiana hivyo, walisengenyana hivyo. Kiwanda kimefungwa, mitambo imeuzwa nje, lakini macho yao hayakustaafu. Mpaka leo ukinong'ona ng'ambo ya barabara kwamba kofia ya Nellie Clegg ni mbaya, Nellie amekwisha kukusikia.

Dada yako aliyajua hayo. Ameyaandika vizuri sana katika riwaya yake ya pili. Jambo moja tu hakulijua: kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa akitunga, alichezesha midomo. Kila neno. Akilionja, akilitema, akilirudia. Na alitungia wapi? Kituo cha basi, kila Ijumaa jioni, mkabala na duka la samaki na chipsi, ambako foleni nzima ya wafumaji ilikuwa imesimama ikimtazama.

Nilikuwa kwenye foleni hiyo. Mimi siwezi kusoma midomo, nilikuwa nategemea tafsiri.

"Shoga, leo ana nini?" aliuliza Bertha Pickup.

"Mvua," akajibu Nellie.

"Tena?"

"Tena. Lakini hii inanyesha juu ya kaburi. Ngoja... Amekwama."

"Amekwama wapi?"

"Anatafuta rangi ya bati la paa. Amesema 'fedha', amelitupa. Amesema 'kijivu'. Ah, na basi linakuja, Mungu wangu, ataliacha hivyo hivyo!"

Nellie akatoka kwenye foleni, akapoteza zamu yake, siku ya Ijumaa, jambo ambalo wengine hatungelifanya hata kama nyumba inaungua. Akavuka barabara akasimama karibu na mwalimu, akatazama juu kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. "Mapaa leo yana rangi ya samaki, mwalimu." Akarudi. Agnes akapanda basi huku midomo ikienda mbio. Shairi hilo limo katika kitabu cha pili, ukurasa wa kumi na nane, na London walilisifu sana lile bati la rangi ya samaki.

Sasa utauliza, Bi Mabel, na mimi niliuliza: kwa nini hamkumwambia? Bertha alinijibu kama anayemjibu mtoto. "We Derek, mtu akijua anatazamwa midomo, si ataifunga?"

Ndiyo hivyo tu. Hawakunyamaza kwa kutomjali. Walinyamaza ili wasiyakose mashairi. Dada yako alidhani hana msomaji, kumbe alikuwa na foleni nzima, na ilimsoma kabla hajashika kalamu. Kama ni kosa, ni kosa la namna yetu, na siwezi kukuahidi kwamba tusingelirudia.

Lipo jambo la mwisho, na kamati ilinishauri niliache. Januari, Agnes alipokuwa mgonjwa, kalamu ilimshinda. Alikaa dirishani kwake ghorofani. Bertha anaishi ng'ambo, na asubuhi zile zote, kwenye baridi ile, alipiga magoti nje akisugua kizingiti cha mlango wake. Majirani walishangaa. Kizingiti kile kilisuguliwa mpaka kikakaribia kwisha. Alikuwa anasoma.

Shairi alilolisoma hapo halimo kitabuni. Haliko popote isipokuwa kichwani mwa Bertha. Wala halizungumzii Harthwick. Halina kilima chetu, halina hata tone la mvua. Linazungumzia mabinti wawili wa muuza kofia wanaotembea kwenye mchanga wa Southport kuitafuta bahari iliyokupwa mbali, na mdogo mtu anataka kurudi nyumbani, na mkubwa hataki kuuachia mkono wake.

Katika kamati mmoja wetu aliniambia, "Derek, ukilitoa hilo, umempakia Agnes kwenye treni kwa mikono yako." Nellie akamkatiza: "Si letu. Mpeni mwenyewe."

Kwa hiyo, Bi Mabel, nikimaliza Bertha atakuja kukaa karibu nawe akuambie, kwa sauti, ingawa anasema anaionea haya sauti yake. Katikati kuna mstari mmoja unaokosekana, kwa sababu hapo Agnes aligeukia ndani kukohoa. Bertha hakuujaza. Anasema huenda unaujua wewe.

Baada ya hapo utaamua kuhusu mfuko wa bluu, na kwa lolote utakaloamua, mimi nitakubebea mpaka kilimani au mpaka stesheni.

Mheshimiwa Meya, ndugu zangu, nawashukuru kwa kunivumilia. Bertha, mama, njoo. Na ninyi wengine wa mstari wa mbele, geuzeni macho kidogo. Haya ni ya watu wawili.